Mwanafunzi ameniuliza: mbona kiini cha atomu hakitoi protoni moja peke yake?

Mwalimu_Likoni

Masalkheri nyote. Nafundisha fizikia Kidato cha Nne huku Likoni. Leo tulikuwa kwenye mada ya mionzi, ubaoni nimeshaandika alfa, beta na gama kama kawaida. Akanyoosha mkono msichana mmoja anayekaa nyuma karibu na dirisha, mwenyeji wa Kwale. Akasema, "Mwalimu, alfa ni protoni mbili na nyutroni mbili. Kiini kikiweza kutupa nne kwa mpigo, mbona hakitupi protoni moja? Moja si rahisi kuliko nne?"

Nikamwambia hilo halitokei. Akaniuliza, "Halitokei, au haliwezekani?" Kengele ikalia.

Nimevuka feri jioni hii na swali lile bado liko kichwani. Kitabu cha darasa hakisemi lolote. Nina kipindi naye kesho saa mbili na nusu asubuhi, na sitaki kusimama mbele yake na jibu la kubahatisha. Mwenye ujuzi anisaidie: linatokea au halitokei? Na kama linatokea, mbona hatulifundishi?

Fundi_Changamwe

Mwalimu, pole na kazi. Ninavyokumbuka kutoka chuoni, kiini kikizidiwa na protoni hakizitupi. Hugeuza protoni moja kuwa nyutroni na kutoa positroni, yaani elektroni yenye chaji chanya, ndiyo beta chanya. Protoni ninayoijua iliyotoka kwenye kiini ni ile ya Rutherford mwaka 1919, alipoipiga naitrojeni kwa alfa. Naona jibu lako lilikuwa sawa.

Bint_Kuze

Mwalimu, linatokea. Kesho mwambie hivyo binti huyo kabla hujafungua kitabu, na umwambie lile swali lake la pili ndilo lililokuwa zito. Mimi nilisoma uzamili ughaibuni juu ya viini hivi hivi. Leo kazi yangu ni nyingine hapa mjini, lakini mtu akiuliza habari za protoni usiku kama huu silali mpaka nimjibu.

Kaka Fundi, beta chanya umeieleza vizuri, na kweli ndiyo njia inayofuatwa na viini vingi vyenye protoni za ziada. Ila ile ya Rutherford ni protoni ya kugongwa: alfa imeingia kwa kishindo, protoni ikatoka. Anachouliza mtoto ni kiini kilichokaa peke yake, hakuna aliyekigusa, kisha kikatoa protoni.

Tuanze na hesabu, kwa sababu jibu la "moja si rahisi kuliko nne?" liko humo. Chukua urani-238 (namba hiyo ni jumla ya protoni na nyutroni zake). Ukitaka kuchomoa protoni moja humo, lazima ulipe zaidi ya MeV 7 (MeV ni kipimo cha nishati kwa mambo ya kiini), na hakuna wa kulipa. Ukitaka kuchomoa protoni mbili na nyutroni mbili, unalipa kama MeV 24. Ghali zaidi, sivyo? Lakini hizo nne zikishikamana zikawa alfa, kule kushikamana kwenyewe kunarudisha MeV 28.3. Umelipa 24, umerudishiwa 28.3, imebaki kama 4.3, na hiyo ndiyo nishati ambayo alfa ya urani-238 hutoka nayo. Kwa hiyo kwenye urani nne ni rahisi kuliko moja. Protoni ikitoka peke yake haina mwenzake wa kushikana naye, hairudishiwi kitu. Mwandikie ubaoni hesabu hiyo, ataiona mwenyewe.

Sasa, ipo wapi protoni isiyohitaji kulipiwa? Pima mchele kwa kibaba cha tele, ule wa kilima juu. Unaongeza punje na bado zinakaa, mpaka inafika punje ambayo hata uiweke kwa ncha ya kidole haikai. Viini navyo viko hivyo. Chukua elementi moja, idadi ya protoni ibaki ile ile, uwe unapunguza nyutroni moja moja. Nyutroni ni gundi isiyo na chaji, na kila ukiipunguza protoni zinasukumana zaidi. Unafika mpaka ambao protoni ya mwisho haishikwi tena. Ukivuka mpaka huo, protoni ile ina nishati ya kutoka bila kulipiwa na mtu.

Viini vilivyovuka mpaka huo havipo mchangani wala baharini. Lutetiamu ya kawaida ina protoni 71 na nyutroni 104. Ile inayotupa protoni, lutetiamu-151, ina protoni zile zile 71 na nyutroni 80 tu. Zimepungua 24! Kitu kama hicho lazima ukitengeneze, na ukishakitengeneza hukai nacho hata sekunde moja. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo sababu haimo kwenye mtihani wa Kidato cha Nne.

Tarehe, kama ataziuliza: ya kwanza ilionekana mwaka 1970, kazi ya K. P. Jackson, Joseph Cerny na wenzao, kwenye kobalti-53. Lakini kobalti ile ilikuwa katika hali yake ya msisimko, yenye nishati ya akiba, na ni asilimia moja na nusu hivi tu ya viini hivyo iliyotoa protoni. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, huko Darmstadt, Ujerumani, Sigurd Hofmann na wenzake wakaipata lutetiamu-151, kiini kilichoko kwenye hali yake ya chini kabisa, kimetulia, na bado kinatupa protoni. Hapo hakuna wa kusema ni akiba ya msisimko.

Mwalimu_Likoni

Dada, shukrani sana. Ile hesabu ya 24 na 28.3 nimeinakili tayari. Lakini umenifungulia mengine. Kama protoni ina nishati ya kutoka, mbona haitoki papo hapo? Inasubiri nini?

Na la pili, huyu mtoto nyumbani kwao si mbali na Mlima Mrima. Kila mara anasikia watu wakisema mawe ya pale yana mionzi. Najua ataniuliza kama yanatoa protoni.

Bint_Kuze

La Mrima ni fupi. Hayatoi. Mionzi ya pale inatokana hasa na thoriamu na vizazi vyake, na hizo ni alfa, beta na gama kama ulivyoandika ubaoni. Thoriamu-232 ina nusu-uhai, yaani muda wa nusu ya viini vyake kuvunjika, wa miaka bilioni 14, ndiyo maana imedumu tangu kabla ya dunia kuumbika. Kiini cha kuishi sehemu ya sekunde hakiwezi kutusubiri ndani ya jiwe. Lakini mwambie jambo hili, litamfurahisha: Mrima ina madini adimu ya jamaa ile ile ya lutetiamu. Madini hayo adimu ya kwao na hiyo inayotupa protoni maabara ni watu wa ukoo mmoja.

La kusubiri ndilo lililonifanya niipende kazi hii, kwa hiyo nivumilie nirefushe.

Protoni ikiwa ndani imeshikwa na nguvu ya kiini, ambayo ni kali lakini haifiki mbali. Ikiwa nje, inasukumwa na chaji ya protoni 70 zilizobaki. Katikati kuna kizuizi. Kwa lutetiamu-151 kimo chake kinapita MeV 10, na protoni yetu ina MeV 1.23 tu. Kwa fizikia ya kurusha mawe isingetoka milele. Kwa fizikia ya kwanta kuna uwezekano mdogo mno wa kupenya, ule ule ambao George Gamow aliutumia mwaka 1928 kueleza alfa. Umbali wenyewe: kizuizi kinaanza kama femtometa 7 kutoka katikati ya kiini (femtometa moja ni meta moja iliyogawanywa mara milioni ya bilioni), na protoni haiwi huru mpaka ifike kama femtometa 80. Njia yote hiyo inapita mahali ambapo haina nishati ya kuwepo. Inabisha hodi mara nyingi kila sekunde, idadi ya 1 ikifuatwa na sufuri kama 21, na bado nusu-uhai wake ni kama milisekunde 80. Kwa mambo ya ndani ya kiini, hiyo ni subira ya ajabu.

Na hapa ndipo pazuri. Kiini hicho hicho, lutetiamu-151, kina hali nyingine ya msisimko inayotoa protoni pia. Ya kwanza inatoka na MeV 1.23, ya pili na MeV 1.31. Tofauti ni ndogo sana. Lakini nusu-uhai wa hiyo ya pili si milisekunde 80, ni mikrosekunde 16, na mikrosekunde elfu moja ndiyo milisekunde moja. Gawanya: mara elfu tano! Nishati imeongezeka kidogo hivi, haraka imezidi mara elfu tano.

Nishati peke yake haitoshi kueleza pengo hilo. Kilichobaki ni mzunguko. Protoni ndani ya kiini ina mzunguko wake, unaohesabiwa kwa namba nzima: 0, 1, 2 na kuendelea. Kadiri namba ilivyo kubwa, ndivyo nishati nyingi zaidi inavyofungwa kwenye kuzunguka na kubaki kidogo ya kutokea, kizuizi kikawa kirefu na kinene zaidi. Protoni ya milisekunde 80 ina namba 5. Ile ya mikrosekunde 16 ina namba 2.

Elewa maana yake, Mwalimu. Hakuna mtu aliyewahi kuchungulia ndani ya kiini kile. Kilichofanyika ni kupima muda wa kusubiri na nishati ya kutoka, namba mbili basi, na kutokana na hizo mbili tukajua protoni ilikuwa imekaa katika mzunguko gani kabla haijaondoka. Nilipoelewa jambo hilo mara ya kwanza nilikuwa peke yangu maktabani, na nilifunga daftari nikatoka nje kutembea, kwa furaha.

Mwaka 2022 huko Jyväskylä, Finland, ikapatikana lutetiamu-149. Nyutroni mbili pungufu, namba ya mzunguko ni ile ile 5, lakini nishati imepanda ikawa karibu MeV 1.9. Nusu-uhai: nanosekunde 450, yaani chini ya nusu ya mikrosekunde. Kutoka milisekunde 80 mpaka hapo, kwa nyutroni mbili tu. Mpe binti yako hizi tatu azipange mwenyewe. Mbili za kwanza atazitofautisha kwa mzunguko, ya tatu kwa nishati.

Fundi_Changamwe

Nimekubali, Dada, nilikuwa sijui. Lakini mimi ni mtu wa vyombo. Kitu kinachoishi milisekunde 80, na labda kimetokea kimoja katikati ya takataka nyingine milioni, unakikamata vipi?

Bint_Kuze

Kaka, hili swali la fundi kweli.

Hofmann na wenzake walipiga shabaha nyembamba ya rutheniamu-96 kwa nikeli-58 iliyoongezwa kasi. Jumlisha: 28 na 44 ni 72, 58 na 96 ni 154. Viini viwili vikiungana unapata hafniamu-154 iliyochemka. Inapoa kwa kumwaga vipande, na mara chache inamwaga protoni moja na nyutroni mbili, ikabaki lutetiamu-151. Kile kiini kipya kinasonga mbele kwa mwendo wa lile pigo. Njiani kuna sumaku na sahani za umeme zinazotupa kando nikeli iliyopita bila kugonga kitu, na kuruhusu mazao ya muungano yapite. Safari hiyo huchukua kama mikrosekunde moja. Ndiyo maana lutetiamu-149 ilikuwa shida: nyingi zinakufa njiani kabla ya kufika.

Mwisho wa njia kuna bamba la silikoni, jembamba kuliko ukucha. Ukitaka kulielewa, kumbuka kitanda cha kamba kinavyowambwa. Kuna kamba za urefu na kamba za upana. Kwa bibi yangu kilikuwapo kimoja uani, na tulipokuwa wadogo tulikuwa tukidondosha kete za bao juu yake na kutaja zilipoangukia: kamba ya nne ya urefu, ya saba ya upana. Bamba lile lina mistari ya urefu upande wa mbele na mistari ya upana upande wa nyuma, na kila makutano ni kijiraba cha milimita moja au chini ya hapo. Kiini kikitua, mistari miwili inalia na unajua kimetua makutano gani. Kimezama mikrometa chache tu ndani ya silikoni, hakiendi popote. Kisha unangoja. Kama katika makutano yale yale, baada ya milisekunde kadhaa, mistari ile ile miwili ikalia tena na safari hii ni MeV 1.23, basi protoni imetoka. Mahali, muda, nishati. Bila kuyaunganisha hayo matatu huna kitu.

Hili la kuunganisha nimelijua kwa uchungu. Katika data yangu mwenyewe niliona kijilima kidogo cha matukio 23 mahali ambapo hesabu ilisema protoni ingekuwepo. Siku tatu niliishi nikiamini nimepata kitu ambacho hakuna aliyekiona. Mwalimu wangu hakunikatalia, aliniambia nipange nyakati tu: tangu kiini kilipotua mpaka mistari ilipolia tena, kila tukio ni muda gani. Zingekuwa protoni za kiini kimoja, nyakati zingejikusanya kuzunguka nusu-uhai mmoja. Zangu zilisambaa sawasawa, za mwanzo kwa za mwisho, kama mvua juu ya paa. Zilikuwa alfa zilizotoka juu ya uso wa silikoni na kuacha sehemu tu ya nishati yao, zikakutana na makutano yale kwa bahati. Niliumia. Lakini tangu siku ile, mtu akinionyesha kilima cha nishati, swali langu la kwanza ni: nyakati zake ziko wapi?

MamaRehema_Tudor

Nawasoma kimya tangu jioni na nimefurahi kuliko habari zote za leo. Mimi si mtu wa sayansi, nauza vitabu. Naomba kuuliza tu: vitu hivi ambavyo havikai hata kupepesa jicho, vinamhusu nani huko vinakotokea? Au ni vya maabara peke yake?

Bint_Kuze

Bi mkubwa, shikamoo. Vipo mbinguni pia. Kuna nyota za nyutroni zinazonyonya hidrojeni kutoka kwa nyota mwenzake. Ile hidrojeni inajikusanya juu mpaka inalipuka, mlipuko tunaouona kwa miali ya eksirei, unaodumu sekunde kadhaa mpaka dakika kadhaa. Ndani ya mlipuko viini vinameza protoni moja baada ya nyingine na kupanda kuwa vizito zaidi. Lakini njiani vinakutana na mpaka ule wa kibaba cha tele. Selenamu-68 ikimeza protoni inakuwa bromini-69, na bromini-69 haishiki, inaitema mara moja. Basi mpando unakwama pale mpaka selenamu-68 ibadilike kwa njia ya beta, na nusu-uhai wake ni kama sekunde 35. Kwa mlipuko mfupi namna hiyo, sekunde 35 ni nyingi mno. Anayetaka kujua kwa nini mwanga wa mlipuko ule unafifia polepole, lazima ajue protoni ya bromini-69 inakosa kushikwa kwa kiasi gani.

Mwalimu_Likoni

Sabalkheri. Nimetoka darasani sasa hivi, naandikia chumba cha walimu.

Nilianza kwa kumwambia mbele ya wenzake kwamba jana nilimjibu vibaya na kwamba linatokea. Nikaandika 24 na 28.3. Darasa zima likanyamaza, halafu mvulana mmoja wa mbele akasema "ala, kumbe alfa inajilipia nauli," na wote wakaelewa kwa neno hilo kuliko kwa maelezo yangu. Zile nusu-uhai tatu za lutetiamu nilizipa makundi. Kundi la binti wa Kwale lilimaliza kwanza.

La Mrima aliuliza kweli, kama nilivyotabiri. Nilipomwambia habari za ukoo wa lutetiamu aliliandika jina hilo nyuma ya daftari.

Halafu kabla sijatoka akanifuata mlangoni. "Mwalimu, protoni zinapenda kukaa mbili mbili, ulitufundisha. Kuna kiini kinachotupa mbili kwa pamoja?" Nikamwambia safari hii sijibu mpaka nimeuliza.

Bint_Kuze

Mwalimu, umenifanya nitabasamu peke yangu ofisini. Huyo mtoto amefika kwa siku moja mahali ambapo Vitaly Goldansky alifika mwaka 1960. Yeye alitabiri kwamba kiini chenye protoni kwa idadi shufwa kinaweza kukosa nishati ya kutupa moja, kwa sababu kuivunja jozi kuna gharama, na wakati huo huo kikawa na nishati ya kutupa mbili kwa pamoja. Ikasubiriwa miaka 42. Mwaka 2002 makundi mawili, moja la Darmstadt na lingine la Caen, Ufaransa, yakaripoti chuma-45: protoni 26, nyutroni 19. Chuma cha kawaida, kile cha nondo, kina nyutroni 30.

Miaka michache baadaye wakakitua chuma-45 ndani ya chumba cha gesi na kupiga picha. Picha yenyewe unaweza kumchorea ubaoni: mstari mmoja mnene unaingia kutoka kushoto na kukoma, hicho ni kiini kinatua. Kutoka pale kilipokomea, baada ya milisekunde chache, mistari miwili mifupi inatoka kwa mpigo mmoja. Pembe kati yake si ile ile kila mara, na kutokana na pembe hizo ndipo wanasoma jinsi zile mbili zilivyokuwa zimeshikana ndani.

Akimaliza mtihani wake, na kama wazazi wataridhia, mlete Kuze siku ya Jumamosi. Daftari zangu za zamani bado ninazo, na ile grafu ya matukio 23 imo.